Hakuna Athari

Priscila alikuwa amechoka kabla mgeni hajashuka kwenye gari. Wala haukuwa uchovu wa siku ile. Huo ungekwisha kwa kulala. Ulikuwa uchovu wa miaka yote tangu kambi ya wakimbizi ya Lukole ifungwe, miaka ya kuandika ripoti, kuomba fedha, kupokea wageni, kuwapikia wageni, kuwasindikiza wageni, halafu kukaa kimya kusubiri kujua wageni wameamua nini. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tena. Hata hivyo alijikaza akatabasamu, akatoka nje ya ofisi yake ndogo pale Ngara mjini na kunyoosha mkono.

"Shikamoo mama," mgeni alisema.

"Marahaba, baba. Karibu sana. Pole na barabara."

Mgeni aliitwa Bernardo, kijana wa Dar es Salaam, mpole, macho mekundu kwa vumbi. Alikuwa ametumwa na mfadhili kulikagua shirika la Priscila, lililoitwa Rudisha Pori. Kazi yake ilikuwa na maswali mawili tu: fedha zimetumikaje, na je, zimeleta chochote? Akirudi na majibu mazuri, mfadhili angetoa fedha za miaka mitatu mingine. Akirudi na mabaya, basi tena. Mfadhili alikuwa amebaki huyo mmoja; wengine walishakwenda zao kutafuta miradi inayopendeza kwenye picha. Bila yeye walinzi wa pori wangevua sare mwisho wa mwezi, na wachoma mkaa waliokuwa wakinyemelea ng'ambo ya bonde wangeingia kesho yake asubuhi. Priscila hakuhitaji mtu amweleze hilo. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima.

Na pori lenyewe, jamani, usidhani ni msitu wa kutisha wenye miti ya kugusa mawingu. Ni pori la miombo, la kawaida kabisa, juu ya vilima vya Lukole. Ila wakati wa wakimbizi vilima vile vilibaki vitupu. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu, na kila mmoja alitaka kupika. Walikata miti, wakakata vichaka, mwishowe wakachimba na mizizi. Nani angewalaumu? Priscila alikuwa msichana wa Kanazi aliyepata ukarani wa kugawa kuni kambini, na aliona kwa macho yake siku kuni zilipoanza kutoka mbali kwa malori kwa sababu karibu hapakuwa na hata kijiti cha kuchokonolea meno.

Kambi ilipofungwa, yeye alizunguka vijijini kuomba jambo moja dogo: visiki viachwe. Visichomwe, visilimwe, vising'olewe. Watu wakamcheka, lakini wakamsikiliza, kwa sababu alikuwa mtoto wao. Visiki vikachipua. Leo ukipita pale unatembea kivulini. Shirika halikupanda mti hata mmoja, na hilo ndilo lililowakera wafadhili miaka yote, maana huwezi kumpiga picha mtu anayezuia shoka.

Bernardo alianza na fedha. Alijifungia ofisini na mafaili, akanywa chai chupa kwa chupa, na jioni ya pili akamwita Priscila.

"Mama, hapa hakuna aliyeiba. Nimekagua miradi mingi mwaka huu, na kusema kweli nimeburudika."

"Asante, baba. Sasa sema hilo lingine."

Bernardo akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Zaidi ya nusu ya fedha inaishia njiani. Mafuta ya pikapu, matairi, posho za mikutano. Na semina. Mama, semina hizi zote ni za nini?"

"Wewe uliza waliozitaka. Kila mwaka mfadhili anasema bila semina hatoi. Nimewafundisha watu wa Murukulazo utawala bora mpaka wao wanaweza kunifundisha mimi."

"Na kijijini kinafika nini?"

"Mishahara ya walinzi," Priscila alisema. "Na mimi mwenyewe, nikipata muda wa kufika."

Alisema hivyo kama utani, lakini lilimchoma. Mara ya mwisho kupanda kilima cha Lukole kwa miguu ilikuwa lini? Hakukumbuka. Goti, ofisi, semina, ripoti, na mwaka umekwisha.

Kesho yake wakaenda vijijini. Bernardo alikuwa na kishikwambi chenye maswali, na sheria yake ilikuwa kwamba anayekaguliwa asikae karibu wakati watu wanahojiwa. Ni sheria ya haki, Priscila hakuipinga. Alibaki ndani ya pikapu na Yohanes, mkuu wa walinzi, ambaye siku za wageni aligeuka pia kuwa dereva. Kioo kilikuwa chini. Mbele yao, chini ya paa la bati la ofisi ya kijiji cha Lukole, watu waliingia mmoja mmoja, wakakaa mbele ya Bernardo, wakatoka.

Hawakuweza kusikia maneno, mpaka alipoingia Scholastika. Huyu mama hajui kunong'ona. Alikuwa mama wa ubatizo wa Priscila, ndiye aliyemshika pale kanisani akiwa kichanga, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, limegusana na pori.

"Mama, mradi huu umeleta athari gani katika maisha yako?" Bernardo aliuliza. "Kubwa, ndogo, au hakuna?"

"Hakuna!" Scholastika alitangaza, hata kuku waliokuwa nje wakashtuka. "Hakuna athali hata kidogo, mwanangu! Andika hivyo hivyo, hakuna!"

Priscila aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umemsikia mama?" alimwambia Yohanes. "Mungu ambariki."

Yohanes aliitikia "amina," lakini alikuwa anaangalia usukani.

Kila kijiji kilikuwa vile vile. Kanazi, Murukulazo, kisha vijiji vya upande wa Biharamulo, ambako Bernardo alikwenda peke yake na gari la kukodi akielekea kuondoka. Walipoagana alimpa Priscila mkono kwa heshima, lakini hakumtazama usoni. Priscila alifikiri ni uchovu. Nani asiyechoka na kazi ya namna ile?

Siku tatu baadaye simu ililia.

"Mama, niko Biharamulo, kesho napanda basi. Nimeona si vizuri usikie kwa barua." Bernardo alikohoa. "Matokeo ni mabaya. Karibu watu wote wamesema hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna athari."

"Sasa si ndiyo vizuri!" Priscila alisema.

Simu ikanyamaza. Priscila akaitazama kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Mama," Bernardo alisema polepole, "nikipeleka kwamba mradi hauna athari, wanaufunga."

"Ukipeleka kwamba hauna madhara, wanaufunga? Hao ni watu wa namna gani?"

Halafu Priscila akaelewa, na alipoelewa aliketi chini, juu ya katoni ya vipeperushi vya semina. Yesu, Maria na Yosefu! Kazi yote ile, vilima vyote vile, vinakwenda kuuawa na neno moja.

"Usipande basi," alisema. "Nakuja."

Yohanes aliendesha, na mashimo yote ya barabara ile yakalisalimia goti la Priscila moja moja. Walimkuta Bernardo kwenye ua wa nyumba ya wageni, mbele ya bakuli la supu iliyopoa.

"Lakini mama, athari ni neno la kawaida," alijitetea. "Kuna athari nzuri na athari mbaya. Chuoni tunasema hivyo, ofisini tunasema hivyo. Hata fomu za semina zako zinasema athari za mradi."

"Fomu hizo najaza mimi, peke yangu, kwa ajili yenu. Redioni umewahi kusikia athari gani nzuri? Athari za mafuriko. Athari za ukame. Athari za gongo. Sisi Kiswahili tumekutana nacho shuleni na redioni, na huko kote athari hazijawahi kumletea mtu heri. Wewe umewauliza mradi wa Priscila umewaumiza kiasi gani. Ulitaka wanichongee?"

Bernardo alishika kichwa kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika, na Priscila akadhani analia, kumbe anacheka. Cheko la mtu aliyekwisha kabisa nguvu. Yeye naye akajikuta anacheka, huku goti linapwita. Walicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama supu ina tatizo.

"Nina siku moja," Bernardo alisema alipopumua. "Twende Lukole, niulize upya, mkutano mmoja. Nitauliza nini kimebadilika. Na wewe utakaa na mimi utafsiri Kihangaza, lugha yenu ya hapa, nimeshaogopa Kiswahili changu. Nitaandika wazi kwamba ulikuwepo."

Mkutano ukaitishwa kesho yake, pale pale kwenye paa la bati. Bernardo akauliza nini kimebadilika tangu pori lianze kulindwa. Priscila akatafsiri. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Scholastika.

"Hakuna kilichobadilika," Scholastika alisema. "Tunaishi vizuri tu. Tunamshukuru Mungu."

"Mama, hata kidogo?" Bernardo aliomba, karibu kwa machozi.

"Hata kidogo."

Hapo ndipo Priscila alipohisi kitu. Aliwajua watu hawa. Mtu wa kwao akikubali kitu upesi hivyo na kutazama vidole vya miguu, kuna jambo limefunikwa. Akainua macho kupita vichwa vyao, akatazama juu kilimani, pale shamba la Scholastika linapokutana na miti. Mwezi ule mahindi yalipaswa kusimama. Kipande kizima cha juu kilikuwa kimelala.

"Mama, shamba lako limepatwa na nini?"

"Lina mahindi."

"Naona yamelala."

"Upepo, mwanangu. Mwaka huu upepo ni mwingi."

"Upepo unamenya mahindi?" Priscila alinyoosha kidole. Hata kutoka pale maganda yalionekana, yametupwa ovyo hadi kwenye njia.

Mtu mmoja nyuma akashindwa kuzuia kicheko, kisha mwingine. Yohanes akavua kofia. "Mama, ni nyani," alisema. "Msimu wa pili huu. Na usiku nguruwe pori. Walinikataza nisikuambie."

"Walikukataza akina nani?"

"Wote."

Priscila akamgeukia Scholastika. Yule mama alikuwa amenuna, si kwa sababu ya nyani, bali kwa sababu siri imevuja.

"Ulitaka tufanyeje?" alisema kwa Kihangaza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Anakuja mtu wa mjini anauliza kama mradi wako umetuumiza. Tumwambie ndiyo, wakufukuze? Wewe ulilinda miti. Sisi tukakulinda wewe. Mahindi ni mahindi tu, yanapandwa tena."

Misimu miwili mama huyu analiwa shamba lake, na kila Jumapili wanakutana kanisani, wanaulizana habari, na jibu ni nzuri tu, mwanangu, nzuri tu. Priscila alijionea aibu mbele ya mkutano mzima, aibu ya kweli, ya kutamani pikapu imkanyage.

"Anasemaje?" Bernardo aliuliza. Alikuwa ameshikilia kishikwambi kwa mikono miwili. "Nimesikia nyani. Zamani walikuwepo?"

"Zamani ipi?" Yohanes alimjibu. "Baada ya wakimbizi hapa hapakuwa hata na tumbili. Angekaa wapi? Angepanda nini?"

Basi uso wa kijana ukabadilika, ukang'aa, na Priscila akajua amefikiria nini, maana na yeye lilikuwa limemjia wakati ule ule na likamchukiza. Hasara ya mama yake wa ubatizo ndiyo ingeliokoa pori. Hakukuwa na ushahidi bora kwamba pori limerudi kuliko shamba lile lililoliwa na nyani. Walichokuwa wamemfichia kwa mapenzi ndicho hasa kilichotakiwa kusemwa.

Angeweza kunyamaza. Lakini akafikiria shoka ng'ambo ya bonde.

"Mama, sema," alisema. "Semeni yote. Mkinificha leo ndiyo mnaniua."

Mwanzoni walikuja kwa kusitasita, halafu mlango ukafunguka. Nyani wanangoja watu waende misani. Nguruwe wamemaliza mihogo ya mjane kule chini. Watoto hawaendi shule msimu wa kukomaa mahindi, wanashinda mashambani wakipiga makopo. Kuni hawaruhusiwi kukata, wanakwenda mbali, na mlinzi mmoja, hawakumtaja, anataka soda ili asione. Ndiyo, chemchemi iliyokauka imerudi, maji yapo hata kiangazi, hilo nalo walilisema, ila mwishoni, wakiwa wamechoka. Priscila alitafsiri kila neno, moja moja, dhidi yake mwenyewe, mpaka jua likageuka. Bernardo aliandika mpaka kishikwambi kikaisha chaji, akaendelea kwa kalamu.

Walipomaliza hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuagana. Scholastika aliokota fimbo yake, akapanda kilima kwenda kwenye maganda yake.

Fedha zilitoka. Hilo tulimalize mapema, maana ndilo lililomkosesha Priscila usingizi. Miezi michache baadaye, mwanamke mmoja wa ofisi ya mfadhili, akiitwa Madam Happyness, alikuja mwenyewe Lukole kutangaza miaka mitatu mingine. Alikuwa mwema, amevaa kitenge kipya cha kuwafurahisha wenyeji, na alikuwa ameisoma ripoti ya Bernardo kwa makini. Tatizo ni kwamba alipofika kwenye hotuba alisema kama walivyozoea kusema kwao.

"Ndugu zangu wa Lukole, sisi wafadhili wenu tumefurahishwa mno na athari kubwa mliyoipata!"

Akasimama kungoja makofi.

Hakuna aliyepiga. Upepo ulipita kwenye bati. Scholastika, mstari wa mbele, aligeuza kichwa taratibu kumtafuta Priscila.

"Mwanangu, huyu amesemaje?"

Alikuwa amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Alitaka kusikia kutoka kwa mtoto wake. Na Kihangaza hakimpi mtu mahali pa kujificha. Heri ina neno lake na hasara ina neno lake, lazima uchague. Priscila aliinuka, goti likalia.

"Anasema wamefurahi kwamba wanyama wamerudi," alisema. "Na wamejua wamerudi kwa sababu mahindi yenu yameliwa."

"Kwa hiyo wamefurahi."

"Ndiyo, mama."

"Na mahindi?"

Priscila akamuuliza Madam Happyness kuhusu mahindi. Madam Happyness alisikitika kwa dhati, ilionekana usoni. Utaratibu wao haukuruhusu kulipa fidia. Ila habari njema ilikuwepo: bajeti imeongezwa semina maalumu, siku tatu, juu ya kuishi kwa amani na wanyamapori.

Scholastika alifikiri. "Na nyani watakuja?" aliuliza kwa Kiswahili. "Maana sisi amani tunayo. Wao ndio hawajafundishwa."

Watu wakaangua kicheko, na Madam Happyness naye akacheka, akiona huyu bibi ni mcheshi kweli. Lakini mkutano ulipovunjika, Scholastika alimvuta Priscila pembeni kwa mkono, na hakuwa anacheka tena.

"Nilipodanganya, nilikuwa na mahindi kidogo na wewe ulikuwa mtoto wangu. Nimesema kweli, ninyi mmepata fedha. Mimi nimepata nini, Priscila?"

Hakungoja jibu.

Alirudi Ngara, akakaa ofisini mlango umefungwa. Alikuwa ameshinda. Pori lina fedha za miaka mitatu, walinzi wana mishahara, na yeye alijisikia kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake. Alichoka mpaka kufikiri kulimuuma. Alipoinua kichwa aliiona pikapu kupitia dirishani, imeoshwa kwa ajili ya mgeni, na akakumbuka Bernardo na nusu ya fedha inayoishia njiani. Akaona pia ile katoni ya vipeperushi.

Akampigia Madam Happyness.

"Madam, ile semina ya kuishi na wanyamapori. Ningependa iwe ya vitendo."

"Ya vitendo! Vizuri sana. Tunapenda vitendo."

"Na iwe shambani, si ukumbini. Na siku zake tuziongeze kwa fedha ya mafuta ya pikapu, tuzitawanye msimu wote wa kukomaa mahindi. Washiriki wapate posho yao na chakula, kama semina yoyote."

"Hakuna tatizo, mama. Niandikie tu kwamba ni semina ya vitendo, na nani atakuwa anafanya nini."

Akamwandikia hivyo hivyo bila kuficha kitu: washiriki watakaa pembezoni mwa mashamba na kufukuza nyani. Madam Happyness akajibu kwamba limependeza. Kwa mara moja katika maisha ya Priscila, neno la ofisini lilikuwa limemfanyia kazi yeye.

Pikapu ikaegeshwa. Walinzi akawagawa: nusu wakabaki msituni kuzuia shoka za watu, nusu wakashuka mashambani, na yule wa soda akajulikana upesi, akarudishwa kwao. Washiriki wa semina wakalipwa posho ya kukaa kwenye mashamba yao wenyewe, na watoto wakarudi shule. Haikutosha. Nyani ni wajanja kuliko semina, na nguruwe wa usiku hawakupungua sana. Lakini ilikuwa kitu.

Na watu, unajua walivyo, walishalibeba lile neno wakaenda nalo nyumbani. Baada ya siku ile ya hotuba hakuna mtu wa Lukole aliyesema nyani tena. Wakiwaona wanashuka kilimani wanapiga kelele: "Athali wamekuja! Athali wale kule!" Wala si "zimekuja," hapana, wamekuja, maana sasa lina mkia na meno. Mtoto mtukutu anaitwa athali. Mlevi akipita anaitwa athali. Bernardo alipoandikiwa habari hiyo alijibu kwamba amecheka peke yake ndani ya basi mpaka watu wakahama kiti.

Scholastika alikataa posho. Alikataa pia mlinzi. Alisema shamba lake litalindwa na mwenye hatia, basi.

Kwa hiyo Priscila akapanda kilima. Alipanda kwa miguu, akipumzika kila kona, goti linamtukana, na akafika amelowa jasho. Scholastika alikuwa uani anapepeta maharage. Hawakuongea mengi. "Shikamoo mama." "Marahaba. Debe liko pale." Priscila akachukua debe na kijiti, akaenda kukaa juu ya jiwe, mahali mahindi yanapoishia na miti inapoanza.

Alikuja siku ile, akaja na zilizofuata. Ripoti zilichelewa, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kuna mchana mmoja, jua likiwa kali, kidogo asinzie. Akasikia tawi linavunjika. Akafungua macho na kuwaona wanatoka kivulini, mbele dume kubwa lenye mabega, nyuma majike na watoto wamewapanda migongoni, wanatembea bila haraka kama wenye nyumba. Walikuwa wanatoka kwenye miti ambayo yeye aliijua ikiwa visiki. Hakuwa amewahi kuwaona wakija. Miaka yote ile, ripoti zote zile, na hakuwahi kukaa pale akawaona wakija. Machozi yakamtoka yenyewe. Alifurahi, alifurahi kweli kweli, na hakuwa na wa kumwambia.

Dume likanyoosha mkono kwenye hindi la kwanza.

"Priscila!" Scholastika aliita kutoka uani, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona. "Athali wamekuja?"

Priscila alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akainuka juu ya goti lake bovu na kuinua debe.

"Wamekuja, mama!" akaitikia, akaanza kulipiga kwa nguvu zake zote.